Jinsi ya kupakia orodha ya wanachama kwenye mfumo bila rekodi kujirudia

"Daftari letu lina watu 600, mbona mfumo unasema tuko 1,140?" Kila chama kinapohamia kwenye mfumo wa mtandaoni, swali hili halichelewi. Huliuliza makatibu wa SACCOS, walimu wa taaluma wanaopakia wanafunzi, hata wenye maduka wanaopakia bidhaa. Jibu halibadiliki sana, kwa hiyo nimeliandika lote hapa. Nitatumia mfano wa SACCOS yenye orodha yake kwenye Excel, maana hapo ndipo karibu matatizo yote hukutana. Wewe wa shule au wa duka badilisha majina ya safu tu.

Nadharia ni hii, na inaishia hapa: mfumo haumjui Mama Rehema. Unayajua maandishi yaliyo ndani ya seli. "Rehema Juma Ally" na "Rehema J. Ally" kwako ni mtu mmoja, kwa mfumo ni wawili, na utawafungulia akaunti mbili, moja ikae na hisa na nyingine ikae na mkopo. Kazi yote iliyo chini ni kumpa kila mtu alama moja ya kumtambulia, na kuiandika kwa namna moja kila mahali.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Faili la orodha, na nakala yake ambayo hutaigusa kabisa. Iite jina lenye tarehe, mfano wanachama-asili-2025-03-10.
- Orodha ya waliomo tayari kwenye mfumo, uliyoipakua siku hiyohiyo. Ya mwezi uliopita haifai.
- Kiolezo cha mfumo, yaani lile faili tupu linaloonyesha vichwa vya safu unavyotakiwa kuvifuata.
- Akaunti yenye ruhusa ya kufuta, au namba ya simu ya mwenye ruhusa hiyo, awe hewani wakati unapakia.
- Mtu anayewajua wanachama kwa sura, pamoja na daftari la karatasi. Hakuna fomula inayomshinda katibu wa zamani.
- Kompyuta yenye chaji na mtandao uliotulia. Usiifanye kazi hii kwenye simu.

Hatua ya 1: Chagua ufunguo

Ufunguo ni safu moja ambayo watu wawili hawawezi kuwa na thamani moja ndani yake. Kwa chama, bora kabisa ni namba ya uanachama. Inayofuata ni namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania. Simu ni ya tatu, tena kwa shingo upande: mume na mke hutumia laini moja, kijana ana laini tatu, na laini iliyoachwa muda mrefu hugawiwa mtu mwingine.

Jina si ufunguo. Mohamed, Mohammed na Muhamadi anaweza kuwa mtu yuleyule aliyeandikwa na makarani watatu. Na hata jina ukiliunganisha na tarehe ya kuzaliwa bado hujatoka. Wafikirie mapacha Kulwa na Doto: tarehe moja ya kuzaliwa, majina ya baba na babu yaleyale, mara nyingi na simu ya mama ileile. Mfumo unaotafuta "wanaofanana" utakushauri uwaunganishe, na karani mwenye haraka atakubali.

Kama chama hakina namba za uanachama, zitoe leo. SC-0001, SC-0002 na kuendelea zinatosha. Ziandike na kwenye daftari la karatasi, siyo kwenye Excel peke yake. Namba ya aliyejitoa au aliyefariki usimpe mwingine, hata kama inakuuma kuona pengo.

Hatua ya 2: Okoa namba ndefu kabla Excel haijazila

Hapa ndipo data nyingi zinapoharibika kimyakimya, kwa hiyo soma polepole.

Excel hushika tarakimu 15 tu za namba. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Ukibandika 19880403000000001234 kwenye seli ya kawaida, utaona 1.98804E+19, na tarakimu tano za mwisho zimeshageuzwa sifuri. Hazifichwi, zimepotea. Kubadilisha seli iwe Text (maandishi) baada ya hapo hakuzirudishi. Na kwa kuwa tarakimu nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, watu wawili waliozaliwa siku moja wanaweza kabisa kujikuta na "namba moja", halafu mfumo ukamwandika mmoja juu ya mwingine. Kwa hiyo utakuwa umekimbia marudio ukaangukia kupoteza mwanachama, jambo ambalo ni baya zaidi.

Fanya hivi:

1. Fungua karatasi mpya, chagua safu nzima ya NIDA, ya simu na ya uanachama, ziweke aina ya Text. Hii inafanyika kabla ya kubandika chochote.
2. Bandika thamani tu, bila muundo wa kule zilikotoka.
3. Kama orodha inatoka kwenye faili la CSV (maandishi yaliyotenganishwa kwa mkato), usilifungue kwa kulibofya mara mbili. Ingia menyu ya Data, lilete kama faili la maandishi, na zile safu tatu zipe aina ya Text. LibreOffice yenyewe hukuuliza kila unapofungua CSV. Bonyeza kichwa cha safu uchague Text.
4. Namba za NIDA zilizoandikwa kwa vistari, 19880403-00000-00012-34, zimesalimika, maana Excel iliziona ni maandishi. Amua moja: zote na vistari, au zote bila vistari, kama kiolezo kinavyotaka.

Ukikuta namba zinazoishia 00000 kwenye orodha uliyopewa, usijaribu kuzikisia. Rudi kwenye fomu za karatasi au kwenye kadi zenyewe.

Wasomaji wa Kenya, namba yenu ya kitambulisho ni fupi, haikatwi hivi. Shida yenu ni sifuri ya mwanzo ya simu, ambayo Excel huila, na hiyo tunayo sote.

Hatua ya 3: Simu zote ziwe na sura moja

Kwenye orodha moja utakuta 0700 000 123, 700000123, +255700000123 na 255-700-000-123. Wote hao ni mtu mmoja. Tarakimu tisa za mwisho hazibadiliki, kwa hiyo zitumie. Kama simu ziko safu C, andika kwenye safu tupu:

=“255”&RIGHT(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(C2," ",""),"-",""),9)

Ukiinakili fomula kutoka hapa, andika upya alama za nukuu zilizo karibu na 255 kwa kibodi yako, maana zikiwa zimepinda Excel itazikataa. Kisha kwenye safu inayofuata pima urefu kwa =LEN(F2), ukibadilisha F iwe safu uliyoweka jibu. Kila jibu lisilokuwa 12 lina kasoro: seli tupu itatoa 3, na simu yenye tarakimu chini ya tisa itajulikana. Aliyeruka tarakimu moja lakini ana sifuri au 255 mwanzoni atapita, kwa hiyo kagua pia majibu yanayoanza na 2550 au 2555.

Kuna kasoro nyingine mbili ambazo LEN haizikamati. Ya kwanza ni seli yenye simu mbili, "0700000123/0700000456". Fomula itachukua ya mwisho bila kukuambia. Chuja seli zenye mkwaju (/) uzitenganishe kwa mkono. Ya pili ni mwanachama mwenye laini ya nchi jirani. Fomula itamvika 255 mtu wa 254 (Kenya), 256 (Uganda) au 260 (Zambia) na kumpa simu ya mtu asiyemjua. Vyama vya Namanga, Tunduma au Mutukula vilijue hili mapema.

Hatua ya 4: Safisha majina na tarehe

Nafasi iliyobaki nyuma ya jina haionekani kwa macho lakini mfumo unaiona. TRIM huondoa nafasi za ziada, ila haiondoi ile nafasi ngumu inayokuja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kurasa za intaneti. Kama majina yako safu D, ziondoe zote mbili kwa mpigo:

=TRIM(SUBSTITUTE(D2,CHAR(160)," "))

Halafu kuna kero ya ng'. Ng'wandu aliyeandikwa kwenye kompyuta na Ng’wandu aliyeandikwa kwenye simu wana alama mbili tofauti katikati, moja imenyooka na moja imepinda. Ukitafuta mmoja, humpati mwingine. Tumia "tafuta na ubadilishe" uzigeuze zote ziwe iliyonyooka, kwenye orodha yako na kwenye ile uliyopakua kutoka mfumo.

Tarehe ziandike mwaka-mwezi-siku, 1988-04-03. Ukiacha 3/4/1988, kompyuta moja itasoma tarehe 3 Aprili na nyingine Machi 4.

Hatua ya 5: Tafuta marudio ndani ya faili lako mwenyewe

Wengi huwahi kutumia COUNTIF. Kwa namba ya uanachama kama SC-0001 haina tatizo. Kwa namba ya NIDA isiyo na vistari inadanganya: hata ukiwa umeihifadhi kama maandishi, COUNTIF huigeuza namba wakati wa kulinganisha, na tunarudi kwenye tarakimu 15. Itakuambia watu wawili wamejirudia wakati hawajajirudia. Ile rangi ya kuonyesha thamani zilizojirudia nayo ina ugonjwa huohuo. Tumia hii, B ikiwa safu ya NIDA, ukirekebisha 601 kulingana na urefu wa orodha yako:

=SUMPRODUCT(--(B$2:B$601=B2))

Jibu likizidi 1, mstari huo una mwenzake. Waliokosa NIDA watahesabiwa pamoja kama kundi kubwa. Hao waweke pembeni uwakague kwa namba ya uanachama.

Rudia zoezi kwa safu ya simu. Hapa jibu likizidi 1 si ushahidi, ni swali. Chapisha mistari hiyo, keti na katibu, uulize mmoja mmoja: huyu na huyu ni nani?

Onyo: kile kitufe cha Remove Duplicates kiache. Kinabakiza mstari wa juu na kufuta wa chini, kisha kinakutajia idadi tu bila kukuonyesha kilichoondoka. Mara nyingi mstari wa chini ndio uliongezwa baadaye, ukiwa na simu mpya na jina la mrithi lililorekebishwa.

Hatua ya 6: Linganisha na waliomo kwenye mfumo

Bandika ile orodha uliyoipakua kwenye karatasi ya pili, uiite Mfumo, ukiizingatia hatua ya 2. Kwenye orodha yako, A ikiwa safu ya namba ya uanachama kwenye karatasi zote mbili, andika:

=IF(ISNUMBER(MATCH(A2,Mfumo!A:A,0)),"YUPO","MPYA")

Fomula ikisema wote ni MPYA na unajua si kweli, usishangilie. Karibu kila mara ni kwamba safu moja ni Text na nyingine ni namba, na Excel haioni 45 ya maandishi kuwa sawa na 45 ya hesabu. Zigeuze zote ziwe maandishi, ujaribu tena. Kubadilisha aina ya seli peke yake hakutoshi: tumia Text to Columns kwenye menyu ya Data, uchague Text.

Sasa tenganisha faili mbili: wapya, na waliopo. Usizichanganye tena.

Hatua ya 7: Chagua namna ya kupakia

Mifumo mingi ina angalau chaguo tatu: ongeza wapya tu, sasisha waliopo tu, au fanya vyote viwili. Usibonyeze bila kusoma, kwa sababu kila mfumo una tabia yake. Moodle, inayotumika sana vyuoni, humtambua mtu kwa jina la mtumiaji, na ina chaguo linaloongeza tarakimu mwishoni mwa jina lililopo. Ukilichagua hilo ukapakia mara mbili, asha anapata pacha anayeitwa asha2. WooCommerce, ya maduka ya mtandaoni, hutambua bidhaa kwa ID au SKU (namba ya bidhaa unayoipanga mwenyewe). Ukiweka tiki ya kusasisha zilizopo, zile ambazo hazipo zinarukwa, kwa hiyo bidhaa mpya zinapakiwa bila tiki hiyo. Odoo, ya usimamizi wa biashara, inataka safu ya kitambulisho cha nje (External ID). Ukiiacha, kila upakiaji unazalisha rekodi mpya. DHIS2, ambayo watu wa afya wanaijua, ikipokea takwimu za jumla za kituo kilekile, kipindi kilekile na kipengele kilekile huandika juu ya zile za mwanzo. Lakini kwa taarifa za mtu mmoja mmoja, ukituma bila kitambulisho chake chenye jumla ya alama 11 za herufi na tarakimu, na bila sifa iliyowekwa kuwa ya pekee, unamsajili upya.

Angalia pia mfumo wako unafanyaje seli tupu wakati wa kusasisha. Mingine huiacha taarifa ya zamani, mingine huifuta. Kama hujui, ondoa kabisa safu usizotaka kuzigusa.

Hatua ya 8: Jaribu mistari mitano, mara mbili

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo ningeichagua kama ningeruhusiwa moja tu. Tengeneza faili la watu watano: mmoja mpya, mmoja aliyepo, mmoja asiye na simu, mmoja mwenye ng' kwenye jina, na mmoja wa mapacha. Andika idadi ya wanachama iliyo kwenye mfumo. Pakia. Hesabu. Kisha lipakie faili hilohilo mara ya pili bila kubadilisha kitu.

Mara ya pili idadi isipande hata kwa mtu mmoja. Ikipanda, mfumo hautumii ufunguo ulioudhani, na orodha nzima ingejirudia vilevile. Simama hapo umtafute fundi wa mfumo. Ukipewa sehemu ya majaribio, au kitufe cha kukagua bila kuhifadhi, anzia hapo.

Hatua ya 9: Pakia kwa mafungu, na bonyeza mara moja

Gawa orodha kwenye mafungu ya watu 200 hivi. Hifadhi kila fungu kama CSV UTF-8, ulikague kwa Notepad, na usilifungue tena kwa Excel, la sivyo yale ya hatua ya 2 yatajirudia ukiwa mlangoni.

Ukishabonyeza kitufe cha kupakia, ondoa mkono. Mtandao ukisuasua na ukurasa ukaganda, au ikaja hitilafu ya 504, haimaanishi kwamba upakiaji umeshindikana. Inamaanisha jibu halijakufikia. Seva inaweza kuwa inaendelea na kazi, au imeshaimaliza. Usibonyeze tena, usipakie upya ukurasa. Subiri dakika kadhaa, fungua dirisha jingine, hesabu wanachama, ndipo uamue.

Baada ya kila fungu andika kwenye karatasi: fungu, saa, idadi kabla, idadi baada. Karatasi hiyo utaihitaji kama mambo yakiharibika.

Kama mfumo ni wako, au unamjua aliyeutengeneza

Mwambie aweke zuio la upekee (UNIQUE) kwenye hifadhidata yenyewe. Msimbo unaouliza kwanza "huyu yupo?" kisha ndipo unaandika hautoshi: maombi mawili yakifika pamoja, yote huambiwa hayupo. PostgreSQL ina ON CONFLICT tangu toleo la 9.5, na MySQL ina ON DUPLICATE KEY UPDATE. Ajue pia kwamba kwa kawaida zuio hilo haliwagusi wenye NULL, yaani pasipo na thamani yoyote, kwa hiyo wasio na NIDA watapenya hata mara kumi. PostgreSQL 15 inaruhusu kubadilisha hilo. Akiweka maandishi matupu badala ya NULL, inakuwa kinyume: mwanachama wa pili asiye na NIDA atakataliwa.

Mambo yakigoma

*Nimeshapakia mara mbili, nifanyeje?* Usianze kufuta ovyo. Pakua orodha nzima kwanza, uihifadhi. Panga kwa tarehe na saa ya kuundwa. Fungu la pili litajitenga lenyewe, na ile karatasi ya hatua ya 9 itathibitisha. Futa za fungu hilo ambazo hazina muamala wowote. Rekodi yenye akiba, hisa au mkopo haifutwi: inaunganishwa na ya mwanzo, na mhasibu awepo.

*Mfumo unasema namba ipo tayari, lakini nikitafuta simwoni.* Tafuta kwa waliositishwa. Mifumo mingi haifuti mtu, inamficha tu. Mrudishe huyo badala ya kumsajili upya.

*Fungu limegoma mstari wa 131.* Hesabu kwanza. Mifumo mingine hurudisha kila kitu nyuma, mingine huacha 130 wa mwanzo ndani. Kama wamebaki, ondoa hao kwenye faili kabla ya kurekebisha mstari uliogoma na kuendelea.

*Safu zote zimejibana kwenye safu moja.* Kompyuta yako inatenganisha kwa nukta mkato (;) na mfumo unataka mkato (,), au kinyume chake. Fungua kwa Notepad utaona.

*Watu wawili, namba moja ya NIDA, na haina masifuri mwishoni.* Mmoja aliandikiwa ya mwenzake, mara nyingi mke na mume waliojaza fomu pamoja. Waombe walete kadi. Wasipige picha na kuiweka kwenye kundi la WhatsApp la chama: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na orodha ya NIDA za watu 600 si kitu cha kusambaza. Ukimaliza kupakia, futa nakala zilizobaki kwenye flashi na kwenye kompyuta ya kukodi, ubaki na ile asili na ya mwisho iliyosafishwa, mahali penye nywila.